Bajeti ya Shule Huanzia Kijijini: Wazazi Wawahi Kwa Diwani

(Mada iliyotolewa na Idara ya Miradi na Maendeleo katika semina ya wajumbe wa kamati za sharika, mbele ya wageni wetu wafadhili)



Tumepewa mada ya elimu, na tumeona tusizungumzie madarasa tuliyojenga, kwa kuwa taarifa hiyo mnayo mezani. Tuzungumzie jambo linalotangulia ujenzi: fedha ya shule ya umma inapangwa wapi, inapungua vipi, na mzazi anaweza kusema nini, kwa nani, na lini.

Wapo watakaouliza, bajeti ya Serikali inalihusu nini Kanisa? Shule nyingi za msingi zilizo jirani na sharika zetu zilianza kama shule za misheni. Baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 zilichukuliwa na Serikali ili ziwe za Watanzania wote bila kujali dini. Majengo yalibadili mwenye mali, lakini watoto walioketi ndani ni wale wale tunaowabatiza na kuwafundisha kipaimara, pamoja na watoto wa jirani zetu Waislamu na wa madhehebu mengine. Vilevile, sisi Walutheri hatuanzi jambo geni. Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia wajumbe wa mabaraza ya miji yote ya Ujerumani akiwataka waanzishe shule na kuzitunza. Hoja yake ilikuwa rahisi: mji unaotumia fedha kila mwaka kwa silaha, barabara, madaraja na mabwawa hauwezi kusema umekosa fedha ya mwalimu. Kwa lugha ya leo, Luther alikuwa akizungumza na madiwani kuhusu bajeti.

Ndugu wapendwa, tunapotaja kupunguzwa kwa bajeti, wengi hufikiri ni lazima kiongozi asimame atangaze kwamba fedha imekatwa. Mara nyingi haiwi hivyo. Fedha ya shule inaweza kupungua kwa njia tatu bila mtu yeyote kutangaza.

Njia ya kwanza ni kuacha kiwango kisimame wakati bei zinapanda. Serikali ilipofuta ada ya shule za msingi na kuanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, mwaka 2002, iliahidi ruzuku ya uendeshaji ya Dola 10 za Marekani kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Wakati huo Dola moja ilikuwa chini kidogo ya shilingi 1,000, hivyo watu wakazoea kusema shilingi 10,000. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, kiwango kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kilikuwa bado shilingi 10,000, lakini Dola moja ilikwishapita shilingi 2,100. Kwa hiyo, zile Dola 10 zilikuwa zimeshuka chini ya Dola 5. Hakuna aliyepiga kura ya kuzipunguza. Wakati huo huo watoto walikuwa wameongezeka: shule za msingi zilikuwa na wanafunzi takriban milioni 4.4 mwaka 2000 na takriban milioni 7.5 mwaka 2005. Hiyo ni baraka kubwa, lakini kila mtoto anahitaji chaki, karatasi ya mtihani na mahali pa kukaa.

Tupige hesabu pamoja. Kwa utaratibu wa mwaka 2016, katika shilingi 10,000 hizo, shilingi 4,000 zilibaki ngazi ya juu kwa ajili ya vitabu na shilingi 6,000 zikapelekwa shuleni. Shule ya wanafunzi 600 hupata hapo shilingi 3,600,000 kwa mwaka, yaani shilingi 300,000 kwa mwezi. Kutoka humo mwalimu mkuu anunue vifaa, aendeshe mitihani na afanye matengenezo. Kila mjumbe hapa anajua bei ya mfuko wa saruji na bei ya bati. Jibu lenu mnalo.

Njia ya pili ni fedha kupangwa na isifike. Katika miaka ya MMEM na baada yake, ufuatiliaji wa asasi za kiraia, ikiwamo HakiElimu, ulionyesha mara kwa mara kwamba ruzuku iliyofika shuleni ilikuwa pungufu ya ile iliyoahidiwa. Tukubali pia yaliyo mema: tangu mwaka 2016 fedha ilianza kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za shule kila mwezi, na hilo lilipunguza mikono ya kupitia. Lakini akaunti ya shule isiyosomwa na kamati ya shule haina tofauti na sanduku lililofungwa.

Njia ya tatu ni halmashauri kukosa mapato yake yenyewe, kisha kuondoa vifungu vya shule kwanza kwa sababu shule haina mtu wa kulalamika. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Mkulima alipata nafuu, nasi tulishukuru. Lakini kwa halmashauri inayotegemea mazao, nafuu hiyo iliacha pengo katika mapato ya ndani, na mapato hayo ndiyo yanayosaidia kumalizia maboma na kuchimba vyoo.

Sasa tuseme lile linalotuumiza sisi wenyewe. Upungufu unapotokea, tabia yetu katika sharika ni kusema, "Tuchange tu, yaishe." Roho hiyo ni njema. Mikono ya wananchi ndiyo iliyojenga shule nyingi za nchi hii, na mzazi bado ana wajibu wake wa sare, madaftari, kalamu, chakula na matibabu. Hata hivyo, tuangalie ni nani anayebeba mzigo. Mama mjane anayeuza mahindi sokoni amekwisha kulipa ushuru. Amelipa kodi pia katika sukari na sabuni aliyonunua. Tunapomwendea tena na daftari la michango kwa ajili ya kazi ambayo kodi hiyo ilipaswa kuifanya, analipa mara mbili, na asipoweza, aibu inamwangukia mtoto wake. Aidha, kila tunapoziba pengo kimya kimya, halmashauri huona kwamba pengo halikuwapo. Mwaka unaofuata kifungu hicho hakirudi.

Ndugu wafadhili, neno hili ni lenu pia, na tunalisema kwa upendo. Fedha yenu imejenga mengi, nasi hatuombi ipungue. Tunaomba isiwe kisingizio cha mwingine kuacha wajibu wake. Kabla ya kukubali mradi wa darasa katika shule ya umma, tuulize pamoja: je, halmashauri imeandika katika mpango wake madawati, choo na mwalimu wa darasa hilo? Muhtasari wa kikao uko wapi? Mradi ukichelewa miezi mitatu kwa kusubiri muhtasari huo, tusihesabu kuwa ni hasara.

Katika kata mojawapo ya Dayosisi yetu wazazi waligundua kwamba rasimu ya bajeti ya halmashauri yao imeacha nje madarasa mawili waliyojenga kwa nguvu zao hadi usawa wa lenta, pamoja na choo cha wasichana. Walikuwa na njia ya kuchangishana tena, wakaiacha kwanza. Wazee wa kanisa walikaa na viongozi wa msikiti wa jirani, kwa sababu shule ni ya wote. Kamati ya shule ikahesabu wasichana na matundu ya vyoo, ikalinganisha na kiwango cha Serikali cha tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Karatasi ikawa moja tu. Wakaenda kwa diwani wao nyumbani kwake jioni, wakapokelewa vizuri na kujibiwa kwamba fedha hakuna. Hawakugombana naye. Waliuliza swali moja: "Mheshimiwa, kifungu chetu kimehamia wapi?" Mama mmoja akaongeza kwamba binti yake hukosa masomo kila mwezi kwa siku kadhaa, na kwamba anaomba Mheshimiwa alieleze Baraza jambo hilo ikiwa yeye mwenyewe haruhusiwi kusema.

Diwani alilieleza. Choo kilirudishwa katika bajeti na kikajengwa. Madarasa hayakurudishwa mwaka ule, na hadi tunapotoa mada hii bado wanayafuatilia. Tunawaeleza yote mawili ili asiwepo anayerudi kwenye usharika na kusema kwamba tumefundishwa dawa ya siku moja.

Wazazi wale walifanikiwa kwa sehemu kwa sababu waliwahi. Wengi wetu husubiri mwezi Juni, tunapomsikia Waziri wa Fedha redioni akisoma bajeti Dodoma, ndipo tunaanza kulalamika. Wakati huo maji yamekwisha kumwagika. Hata mbunge wetu, kwa mujibu wa Ibara ya 99 ya Katiba, hawezi kusimama peke yake na kuongeza matumizi ya Serikali. Jambo hilo lazima lipendekezwe na Rais na kuletwa na Waziri. Mbunge anaweza kuhoji, kushawishi kupitia kamati za Bunge, na kupeleka sehemu ya Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo kwenye shule, naye tumwendee kwa hayo. Lakini mlango ulio wazi zaidi kwa mzazi uko chini, na unafunguliwa mapema. Kwa hiyo tunapendekeza hatua zifuatazo kwa kila usharika:

1. Julai hadi Septemba: kamati ya shule isomewe mapato na matumizi ya mwaka uliopita, na taarifa ibandikwe kwenye ubao wa matangazo ili kila mzazi aione.

2. Oktoba hadi Desemba: wazazi wahudhurie mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Hoja ya shule iandikwe katika muhtasari. Hoja isiyoandikwa haifiki kwenye kata.

3. Kabla ya Kamati ya Maendeleo ya Kata kuketi, wajumbe wasiozidi watano wamwone diwani, pamoja na diwani wa viti maalumu. Waende na karatasi moja yenye hesabu, na ombi moja au mawili, si kumi.

4. Januari na Februari: Baraza la Madiwani linapojadili bajeti, wazazi wachache wakae ukumbini wasikilize. Mikutano hiyo iko wazi kwa wananchi. Diwani anayejua kwamba watu wake wako nyuma yake husema kwa ujasiri zaidi.

5. Baada ya Julai, fedha ikipitishwa, tuifuatilie mpaka ifike. Na kiongozi aliyetimiza ahadi ashukuriwe hadharani, maana viongozi nao ni binadamu na hutiwa moyo.

Tunatoa pia tahadhari mbili. Kwanza, Kanisa si chama cha siasa. Tunamwendea diwani wa chama chochote kwa heshima ile ile, na hatumwahidi kura wala kumtishia kura. Madhabahu isigeuzwe jukwaa. Pili, tusimweke mwalimu mkuu mbele ya hoja zetu. Yeye ni mtumishi wa umma mwenye wakubwa wake, na anaweza kupata matatizo kwa maneno yaliyopaswa kusemwa na mzazi. Tumwombe takwimu, kisha tuzisemee sisi.

Wengine wataona aibu kusimama mbele ya wakubwa. Tukumbuke binti za Selofehadi katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27. Walikuwa wanawake watano wasio na baba wala kaka. Walikuja mbele ya Musa, kuhani Eleazari, wakuu na mkutano wote, wakaeleza kwa adabu kwamba utaratibu wa urithi unawaacha nje. Musa hakuwafukuza. Alilipeleka shauri lao mbele za Bwana, na Bwana akasema wana haki, sheria ikarekebishwa kwa ajili yao na kwa wengine waliokuja baadaye. Hawakutukana wala kunung'unika hemani mwao. Walikwenda mahali panapoamuliwa mambo, wakasema wanachohitaji.

Ndugu wajumbe, tunawaomba mwondoke hapa na jambo moja la kutenda. Ulizeni mkutano mkuu wa kijiji chenu utafanyika tarehe ngapi, na hakikisheni kwamba hoja ya shule imo katika ajenda. Idara itafurahi kupokea nakala za mihtasari yenu, nasi tuko tayari kufika tutakapoitwa ili kusaidia kuandaa ile karatasi moja.

Mungu awabariki, azibariki shule zetu, na awape viongozi wetu masikio ya kusikia.