Mgunga Ukikatwa, Mbuzi Atakula Nini?

(Mazungumzo ya Afisa wa Habari wa Kaunti kwa wazazi na wanafunzi)



Wageni hupita jangwa la Chalbi wakasema hapana kitu. Sisi wa Marsabit tunajua kuna uhai. Nundu ya ngamia huweka mafuta, si maji. Hatoi jasho ovyo, na akifika kisimani anaweza kunywa zaidi ya lita 100 kwa mara moja. Mgunga nao una vijani vidogo visivyopoteza maji mengi, na mizizi inayoyafuata chini ardhini.

Nyasi zikiisha wakati wa kiangazi, maganda ya mgunga huanguka na mbuzi huyala. Baadhi ya mbegu hutoka na kinyesi zikiwa nzima, zikangoja mvua. Mti humlisha mbuzi, naye mbuzi huupanda mti.

Kwa hivyo, anayeangusha mgunga kwa gunia la makaa anakata chakula cha kiangazi kijacho, na mti huo hukua polepole. Ukihitaji miiba ya kuzungushia boma, punguza matawi, shina uliache.