Kidonda Kisichouma: Tuijue Kaswende

(Mazungumzo ya afya kwa vikundi vya kujisaidia)

Leo, kabla hatujahesabu michango, tuzungumze juu ya kaswende. Najua ni aibu kuitaja mbele za watu. Lakini aibu yetu hulipwa na mtoto aliye tumboni.

Kaswende huletwa na vijidudu viitwavyo bakteria. Mtu huipata kwa kujamiiana na mwenye ugonjwa, na mama mjamzito aweza kumwambukiza mtoto wake. Si kurogwa, wala haitokani na kukalia choo.

Baada ya wiki 3 hivi, kidonda hutokea pale vijidudu vilipoingilia. Hapa ndipo wengi hudanganyika, kwa sababu kwa kawaida kidonda hicho hakiumi. Kwa mwanamke chaweza kuwa ndani, asikione kabisa. Tena hupona chenyewe baada ya wiki 3 hadi 6, hata bila dawa. Aliyemeza tembe za dukani au mitishamba husema, "Imenisaidia!" Kumbe ni kama mchwa kwenye nguzo ya nyumba: nje umekandika vizuri, ndani wanaendelea kula. Baadaye vipele huweza kutoka, hata viganjani na kwenye nyayo, navyo hupotea. Ugonjwa hujificha miaka mingi, na mwishowe waweza kuharibu moyo, ubongo au macho.

Na mimba je? Yaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa amekufa, au akazaliwa mgonjwa. Na mama huenda hakuhisi lolote! Kwa hivyo, mama, ukijua una mimba nenda kliniki mapema, usingoje tumbo lionekane. Uliza kama umepimwa kaswende. Ni damu kidogo tu.

Dawa ipo, nayo ni sindano ya penisilini. Ugonjwa ukiwa mchanga, dozi moja hutosha. Ukiwa umekaa zaidi ya mwaka, ni dozi 3, moja kila wiki. Kama penisilini hukudhuru, mwambie muuguzi kabla ya kudungwa.

Lakini mke akitibiwa peke yake, kazi ni bure. Atapona leo, aambukizwe tena kesho, maana kupona si kinga. Wote wawili watibiwe, na wasikutane kimwili mpaka muuguzi awaruhusu.

Basi baba, siku mama anapokwenda kliniki, weka jembe chini mfuatane. Sasa nangoja maswali yenu.