Safari ya Lori Huanzia Mezani kwa Karani



Tumeombwa kunena juu ya safari ndefu za malori katika Marekani, yaani zile zivukazo mpaka wa jimbo na jimbo. Huenda mwanachama akauliza, "Hayo yatuhusu nini sisi makarani?" Yatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, watu wengi waliotoka Afrika ya Mashariki, hasa Wasomali, hujipatia riziki huko kwa udereva wa malori. Pili, mara nyingi dereva hupokea njia, saa ya kuondoka na saa ya kufika kutoka kwa mtu aliyeketi mezani na kalamu. Twapenda kumwambia dereva kwamba mwenda pole hajikwai. Lakini atakwendaje pole ikiwa karatasi aliyopewa yamtaka akimbie?

Sheria ya huko imeliona jambo hili. Imewakataza wenye malori kupanga safari ambayo haitimiziki ila kwa kupita mwendo uliowekwa barabarani. Tena imeweka saa za kazi. Dereva wa mizigo, akiisha kupumzika saa 10 mfululizo, aweza kuendesha saa 11, nazo sharti ziwe ndani ya saa 14 tangu alipoanza kazi. Akiisha kuendesha saa 8, lazima akatize kwa nusu saa. Tangu Desemba 2017 madereva walio wengi hupimiwa saa hizo na chombo kilichounganishwa na injini, wala chombo hicho hakibembelezwi.

Na tuchukue mfano. Lori latoka Salt Lake City, katika jimbo la Utah, kwenda Denver, katika Colorado. Tuseme maili 520. Kwa wastani wa maili 50 kwa saa, ni kuendesha saa 10 na nusu hivi. Karani mwenye haraka atasema, "Saa 11 zimeruhusiwa, basi zatosha." Lakini ikiwa kupakia mizigo kumechukua saa 4, ongeza hizo, ongeza na nusu saa ya kupumzika: jumla ni saa 15, na sheria imetoa 14. Karani mwangalifu ataandika tangu mwanzo kwamba dereva atalala Rawlins, katika Wyoming, iliyo mbele kidogo ya nusu ya njia. Tena atahakikisha kwamba pana mahali pa kuegesha, maana usiku nafasi hizo ni haba.

Hata njia yenyewe yataka kufikiriwa. Ile ya I-80 hupita nyanda za Wyoming, ambako upepo wa majira ya baridi huweza kulipindua lori lisilo na mzigo mzito, na mara kwa mara barabara hufungwa. Njia nyingine, I-70, hupita katika milima ya Colorado, yenye miteremko mirefu inayochosha breki. Huko lori sharti libebe minyororo ya matairi tangu 1 Septemba hata 31 Mei. Mizigo ya hatari kwa kawaida haipitishwi katika handaki la Eisenhower. Hupandishwa juu ya Loveland Pass, karibu futi 12,000 juu ya bahari. Sheria huongeza saa 2 kwa hali mbaya ya njia isiyoweza kujulikana kabla. Dhoruba iliyotangazwa jana si udhuru.

Kisha kuna uzito. Katika barabara kuu hizo, lori na mzigo wake kwa kawaida lisizidi ratili 80,000, yaani tani 36 na kidogo. Ekseli moja isizidi ratili 20,000, na ekseli mbili zilizokaribiana 34,000. Jumla yaweza kuwa sawa, na ekseli moja ikawa imezidi. Dawa yake ni kupima kabla ya kuondoka.

Lakini hesabu iliyo sawa haitoshi, wenzetu. Mwezi wa Juni 2014, katika New Jersey, lori liliigonga gari ya abiria. Mtu mmoja akafa na wengine wakaumia. Dereva alikuwa hajapita saa zake 14. Ila kabla ya kuanza kazi alikuwa amesafiri usiku kucha kwa gari lake kutoka nyumbani Georgia hata kazini Delaware, na wachunguzi walikuta kwamba amekaa saa 28 bila kulala. Alikwenda maili 65 kwa saa mahali palipowekwa 45. Sheria yakataza pia kumpa usukani mtu aliyechoka. Lakini uchovu hauonekani katika daftari asipoulizwa mwenyewe.

Basi yatupasa nini? Twaona kwamba karani ana wajibu wa kuuliza, "Umelala?", kabla hajauliza, "Utafika lini?" Na bwana mkubwa akitaka mzigo ufike kwa saa zisizowezekana, karani amrudishie karatasi kwa adabu, pamoja na hesabu yake, aseme haiwezekani. Aseme hivyo wakati kalamu ingali mkononi, maana lori likiisha kuondoka, kosa la mezani hulipwa na dereva, na na wapita njia wasiojua lolote la karatasi zetu.

Hayo ndiyo tuliyotaka kuyaweka mbele yenu.