Taa, Beseni na Daftari

Mvua za vuli zikianza, nondo wa viwavijeshi naye huanza safari. Huruka usiku, akachukuliwa na upepo hata mamia ya kilomita, na pale pepo za mvua zinapokutana ndipo nondo wengi hushuka pamoja. Ndiyo maana mtu huamka akakuta mahindi yamejaa viwavi, akasema wametoka mbinguni. Kumbe mama zao walipita hapo wiki mbili tatu nyuma, na hakuna aliyewahesabu.

Basi leo tuzungumze juu ya kuwahesabu. Katika Afrika Mashariki mitego ya taa ilitumika kutabiri viwavijeshi tangu miaka ya 1960, wataalamu wakiwa Muguga, Kenya. Baadaye ikaja mitego yenye harufu ya nondo jike, ambayo huvuta madume tu. Huko Kilosa, kuanzia 2001, wanavijiji wenyewe walifundishwa kuhesabu nondo na kupima mvua, wakatoa utabiri wao bila kungoja barua ya mjini. Kama kijijini kwako hakuna mtego wa namna hiyo, anza na taa uliyo nayo.

Tundika karabai au taa ya chemli juu ya beseni la maji, mahali pa wazi, mbali na nyumba za makuti na mbali na taa nyingine. Tia sabuni kidogo ndani ya maji ili nondo azame, asiruke tena. Washa giza likiingia, na uzime saa ile ile kila usiku. Leo ukiwasha saa mbili na kesho saa sita, hesabu zako hazilingani. Asubuhi uwahi kabla ya kuku, maana kuku hawajui utabiri.

Beseni litakuwa na mchanganyiko: kumbikumbi, mbawakawa, nondo wa kila aina. Unayemtafuta ana mabawa ya mbele ya rangi ya kijivu na kahawia, na mabawa ya nyuma meupe yenye mishipa inayoonekana. Nondo wa viwavijeshi vamizi, wale walioingia Afrika mwaka 2016, wanafanana naye sana, kwa hiyo ukiwa na shaka weka wachache katika kibiriti kikavu umwonyeshe bwana shamba.

Katika daftari andika tarehe, idadi ya nondo, kama mvua imenyesha, na mwezi ulivyokuwa. Mwezi mpevu hupunguza nondo kwenye taa, hata kama wapo wengi angani. Na usiku usiopata kitu, andika sifuri. Wengi huruka siku hizo, halafu daftari haliwezi kusomeka: hujui kama nondo hawakuja au taa haikuwashwa.

Idadi ikipanda ghafla na mvua imenyesha, hesabu siku. Mayai huanguliwa kwa siku mbili hadi tano. Viwavi wadogo ni wa kijani, wanajificha, na wanakula kidogo mno; ukipita haraka huwaoni. Wakishakuwa weusi wenye mistari ya njano ubavuni, wamebakiza siku chache tu, na hizo ndizo siku wanazomaliza shamba. Kwa hiyo wiki moja baada ya nondo kuzidi, ingia shambani, inama, funua majani ya mahindi, mtama, uwele, mpunga, na majani ya malisho pia. Maharage na mihogo usihangaike nayo, mdudu huyu hupenda jamii ya nyasi.

Ukiwakuta wangali wadogo, mpelekee bwana shamba daftari siku hiyo hiyo, akushauri dawa na kipimo chake. Waambie na majirani, kwa sababu viwavi wakimaliza shamba moja huandamana kwenda la pili. Beseni limwage, lioshe, taa ijaze mafuta ya usiku unaofuata. Kwaheri.