Maua Yasiyongoja Mtungi
Hotuba kwa wakazi wa Soy

Mwezi wa Januari, mvua ikiwa imekatika, nilimwagia waridi la kununua maji yaliyotengewa ng'ombe. Likakauka vilevile! Kando ya ua, mshubiri ambao hakuna aliyewahi kuumwagilia ulikuwa umechanua mwekundu, ndege chozi wameujaa. Majani yake manene ndiyo tangi lake.

Lakini msiung'oe porini. Sheria yataka kibali. Omba chipukizi kwa jirani, uache jeraha likauke siku chache, kisha upande pasipotuama maji.

Na yale maua ya rangi ya machungwa yaliyopangana ghorofa ghorofa kando ya barabara, ambayo sisi huyaita magugu, yakikauka chukueni mbegu. Ni za bure.