Alizeti Yetu na Injini ya Mashine ya Kusaga
(Maelezo ya Kamati ya Mashine, yaliyosomwa kwenye harambee ya mwaka)



Kamati imeombwa ijibu swali linalorudi katika kila kikao: kwa nini sisi watu wa alizeti tunanunua dizeli ya kusagia mahindi, wakati mafuta tunayakamua wenyewe? Tutalijibu bila kuficha, maana jibu lake lilitugharimu injini.

Wengi mnakumbuka. Wakati wa mvua barabara ilikatika, dizeli ikakosekana. Tukamimina kwenye tangi mafuta ya alizeti kama yalivyotoka kwenye mashine ya kukamulia. Injini ikawaka, na moshi ukanukia kama maandazi. Tulishangilia, tukaendelea hivyo hata barabara ilipofunguka. Baada ya wiki kadhaa ikaanza kugoma asubuhi, nguvu ikapungua, mwisho ikazima kabisa. Fundi alipoifungua alikuta nozeli zimeziba kwa masizi, ringi za pistoni zimeganda, na oili ya injini imekuwa nzito kama uji. Kwa miezi mitatu mama zetu walibeba madebe kichwani hadi kijiji cha pili. Kosa lilikuwa letu kamati, na tunaomba radhi.

Hatukuwa wa kwanza kujaribu. Mwaka 1900, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, injini ya aina aliyoibuni Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Kwa hiyo kuwaka yanawaka. Tatizo ni uzito wake. Mafuta ya mbegu ni mazito kuliko dizeli kwa takriban mara kumi. Nozeli inatakiwa ipulize mafuta kama ukungu. Yakiwa mazito hutoka kwa matone, hayaungui yote, na mabaki hugeuka masizi na gundi.

Dawa ya uzito huo ipo, nayo ndiyo biodizeli. Lita 100 za mafuta huchanganywa na lita 20 hivi za methanoli pamoja na kostiki soda kidogo, kwa joto la nyuzi 60 hivi. Zinapatikana karibu lita 100 za biodizeli nyepesi, na chini inatuama gliserini. Kisha lazima isafishwe na kukaushwa maji. Biodizeli iliyotengenezwa vizuri hutumika duniani kote, mara nyingi ikichanganywa na dizeli ya kawaida. Lakini methanoli ni sumu inayopofusha na kuua, na moto wake mchana hauonekani vizuri. Si kitu cha kuweka nyuma ya nyumba penye watoto.

Vijana wetu nao waliuliza habari za pombe kali, kwa kuwa wamesikia magari ya Brazili yanatumia pombe ya miwa. Ni kweli, lakini hayo ni magari ya petroli, yenye plagi ya kuwashia. Injini ya dizeli haina plagi ya namna hiyo. Huwasha mafuta kwa joto la hewa iliyobanwa, na pombe haikubali kuwaka kirahisi kwa njia hiyo. Mjini Stockholm, Uswidi, yamekuwapo mabasi ya ethanoli yenye injini za jamii ya dizeli, lakini injini zake zilitengenezwa zibane hewa zaidi, na ethanoli yake ilitiwa dawa ya kusaidia kuwaka. Gongo ina maji, na ikichanganywa na dizeli hujitenga. Tena mvuke wa pombe hushika moto upesi. Tumekataza kabisa.

Sasa tufanye hesabu ya nyumbani. Lita ya mafuta ya alizeti kwetu inauzwa ghali kuliko lita ya dizeli. Ukiichoma kwenye injini, umechoma mboga ya jirani ili usage unga wake. Ukiiuza, unanunua dizeli na chenji inabaki. Mashudu nayo yanalisha ng'ombe na kuku. Siku bei zikigeuka, tutakaa upya na kuhesabu tena.

Kwa hiyo, ndugu zetu, hatuji kuomba kiwanda cha biodizeli. Tunaomba vitu vitatu. Kwanza, mapipa ya akiba ya dizeli, na banda la kuyahifadhi mbali na moto, ili barabara ikikatika tusirudie tuliyoyafanya. Pili, nozeli na machujio ya akiba. Tatu, chujio kubwa la mafuta ya alizeti na madumu safi, ili akina mama wauze mafuta meupe kwa bei nzuri. Bei ya kila kimoja imeandikwa kwenye bahasha mliyopewa mlangoni.

Nasi tunaahidi: kila lita itakayoingia kwenye tangi itaandikwa, na daftari litasomwa mbele yenu mwakani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi tumeshaonja kupotelewa.

Mwenye nacho atoe, asiyekuwa nacho leo aandike ahadi. Mashine inanguruma tena, tusaidieni isizimike.