Vipimo vya Maji ya Nile Visifanywe Siri

Tarehe 9 Septemba 2025, Ethiopia ilizindua rasmi bwawa lake kubwa la umeme katika mto Nile ya Buluu, karibu na mpaka wa Sudan. Bwawa hilo laweza kuhifadhi maji kiasi cha mita za ujazo bilioni 74. Yapata kilomita 100 chini yake, katika ardhi ya Sudan, lipo bwawa la Roseires, ambalo ni dogo mno likilinganishwa na hilo. Wanaofungua na kufunga milango ya Roseires hawana budi kujua mapema ni maji kiasi gani yatakayoteremka kutoka juu. Wasipojua, hufanya kazi gizani, na wakazi wa kandokando ya mto ndio wanaohatarishwa.

Hatari hiyo si ya kudhania. Mwezi Julai 2020, maji yalipoanza kujaa katika bwawa jipya bila ya mapatano, Serikali ya Sudan ilitangaza kwamba kituo chake cha kupimia mto mpakani kilionyesha upungufu wa mita za ujazo milioni 90 kwa siku. Habari nzito kama hiyo ilisomwa katika mto wenyewe, badala ya kupelekwa mapema na jirani kwa jirani.

Haki ya Ethiopia kuwapatia wananchi wake umeme haina ubishi. Wala wasiwasi wa Misri na Sudan, ambazo huyategemea maji hayo, si wa bure. Tarehe 23 Machi 2015 viongozi wa nchi hizo tatu walitia sahihi mjini Khartoum tamko la kupeana takwimu kwa nia njema na kwa wakati. Hata hivyo, mwezi Novemba 2017 uchunguzi wa pamoja ulikwama, kwa sababu pande hizo hazikukubaliana hesabu zianzie wapi.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Wataalamu wa maji hutengeneza modeli ya mto katika kompyuta: huingiza takwimu za mvua, za kina, na za maji yanayofunguliwa, wakaona yatakayotokea chini kabla lango halijaguswa. Ni kama kamanda apimaye safari ya kikosi juu ya ramani kabla ya kutoa amri. Lakini ikiwa kila kamanda ana ramani yake, isiyolingana na ya mwenzake, vikosi havitakutana.

Ushirikiano huo unawezekana. Baada ya Ziwa Victoria kupanda kwa zaidi ya mita 2 kati ya 1961 na 1964, Kenya, Uganda, Tanzania, Sudan na Misri zilianza mwaka 1967, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, kupima kwa pamoja mvua na maji ya maziwa ya Victoria, Kyoga na Albert. Mwaka 1999 nchi za bonde la Nile ziliunda mjini Dar es Salaam chombo chao cha ushirikiano, ambacho baadaye kilitengeneza modeli ya kutumiwa na wanachama.

Mafuriko yakiingia vijijini, wanajeshi na polisi ndio waitwao usiku kuokoa watu. Majirani wakishukiana, ni hao hao wapelekwao mpakani. Tarakimu chache zinazotumwa kila asubuhi kutoka kituo hadi kituo zaweza kuwapunguzia kazi zote mbili. Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Lakini mto si mtungi wa nyumba moja.